Miaka 30 na kitu, kazi nzuri, na nia ya kwenda kujitolea nje ya nchi: njia ipi ikufae?

Milango ya kujitolea ng'ambo hufungwa kwa umri, na mwenye miaka 30 na kitu hukuta baadhi yake imeshafungwa. Nafasi za vijana za UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, ni za miaka 18 hadi 26. Programu ya Ujerumani iitwayo weltwärts inaishia miaka 28. Kikosi cha Vijana wa Kujitolea cha Umoja wa Afrika kinapokea hadi miaka 35, basi. Ambao haufungwi ni mlango wa wataalamu, na huo hauridhiki na moyo wa kusaidia peke yake. Unauliza umefanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na vyeti vyako viko wapi.

Tunalinganisha hapa njia tano zinazomfaa mtu wa Afrika Mashariki mwenye taaluma: UNV, shirika la VSO la Uingereza, kikosi cha Umoja wa Afrika, mabadilishano ya wafanyakazi ya Norec ya Norway, na Madaktari Wasio na Mipaka. Hiyo ya mwisho si ya kujitolea kwa maana kamili, lakini watu huiweka kapu moja na nyingine, kwa hiyo bora ilinganishwe waziwazi.

Kwanza: kuacha kazi au kuomba ruhusa?

Wengi huanza kwa kutafuta shirika. Anza na mwajiri uliye naye. Tofauti kubwa ya fedha hutokana na namna ulivyoondoka kazini kuliko jina la shirika ulilokwenda nalo.

Ukiandika barua ya kuacha kazi, sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zinadai notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi. Utalipwa siku zako za likizo ambazo hukuzitumia. Kiinua mgongo ni jambo jingine. Tanzania, sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, pale mwajiri anapositisha ajira. Aliyeacha mwenyewe hana dai hilo, labda mkataba wake au mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi uwe umempa.

Kuna kosa tunaloliona mara kwa mara kwenye hesabu za watu: wanaweka fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kama akiba ya safari. Tangu fao la kujitoa liondolewe Tanzania mwaka 2018, kilichopo ni fao la upotevu wa ajira, na hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Michango yako haipotei. Inabaki kwenye mfuko. Lakini huigusi. Isitoshe, pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 34 aliyechangia miezi 110 akiondoka miaka miwili bila kuchangia, ameisogeza mbele miaka hiyo miwili. Kabla hujaondoka nenda tawini uulize utaratibu wa mwanachama wa hiari, uchangie hata kidogo. Wakenya nao wanaweza kuendelea kuchangia NSSF kwa hiari.

Halafu mikopo. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara huwa na kifungu kinachosema ajira ikiisha, deni lote lililobaki linaweza kudaiwa kwa mkupuo. Bima ya mkopo huo kwa kawaida inahusu kifo na ulemavu wa kudumu, haihusu kuacha kazi. Malipo yako ya mwisho yakipitia akaunti hiyohiyo, benki inaweza kuyashika kabla hujayaona. Kwenye SACCOS hali ni nzito zaidi kwa utu wako, kwa sababu ukishindwa kurejesha, wanaofuatwa ni wafanyakazi wenzako waliokudhamini. Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB ulikuwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi bila wewe kuhangaika. Ukiondoka, wajibu wa kulipa unarudi mikononi mwako.

Kuomba ruhusa bila malipo kunakwepa sehemu kubwa ya hayo. Sekta binafsi hailazimishwi na sheria kukupa mwaka mzima. Ni makubaliano, na makubaliano hupatikana kwa urahisi zaidi pale unapomwonyesha mwajiri nani atashika kazi yako na utarudi na nini. Utumishi wa umma una taratibu zake za likizo bila malipo na za kuazimwa na taasisi nyingine. Barua inapanda kwa mkuu wa idara hadi kwa mwajiri, na kibali kinatoka kwa maandishi kabla hujapanda ndege. Mtumishi aliyeondoka kwa ahadi ya mdomo ya bosi wake anahesabiwa mtoro, na utoro ni kosa la kufukuzwa kazi. Bosi aliyekuahidi anaweza kuwa amehamishwa kabla hujarudi.

Barua ya ruhusa itaje mambo haya bila kuzunguka: tarehe ya kuondoka na ya kurejea, cheo na ngazi ya mshahara utakayorudi nayo, nani analipa michango ya mfuko na ya bima ya afya katika kipindi hicho, tarehe ya mwisho ya kuarifu kama unarudi, na itakuwaje ukirudi mapema. Hilo la mwisho husahaulika karibu na kila mtu. Ukiugua mwezi wa nne, au kituo kikifungwa kwa vita, utarudi Dar es Salaam au Nairobi ukiwa na miezi minane ya ruhusa mbele yako na kiti chako kimekaliwa na mtu mwenye mkataba.

Tuweke tarakimu za mfano. Majukumu yako ya nyumbani, yaani kodi ya nyumba, ada, wazazi na marejesho, ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Matumizi yako binafsi ukiwa nyumbani ni 400,000. Huko uendako unaweza kutuma 400,000 kila mwezi kutoka kwenye posho. Safari ni miezi 12, na kuna mwezi mmoja mtupu, bila kipato, kabla ya kuondoka.

Ukiwa umeacha kazi, weka miezi 6 ya kutafuta nyingine. Jumla ni miezi 19 ya majukumu, sawa na 17,100,000. Ongeza matumizi yako ya miezi 7 ukiwa nyumbani, 2,800,000. Toa ulizotuma, 4,800,000. Unahitaji akiba ya 15,100,000. Ukiwa na ruhusa, majukumu ni ya miezi 13, sawa na 11,700,000, matumizi ya mwezi mmoja 400,000, toa 4,800,000. Akiba inayohitajika ni 7,300,000. Barua moja ya mwajiri, kwa mtu huyu, ina thamani ya shilingi 7,800,000. Fanya hesabu hii kwa tarakimu zako kabla ya kufungua tovuti yoyote ya shirika.

Njia tano kwa ufupi

| Njia | Muda | Nani anaomba | Malipo | Familia |
|---|---|---|---|---|
| UNV, mtaalamu wa kimataifa | Hadi mwaka, huweza kuongezwa | Wewe mwenyewe | Posho kwa kiwango cha kituo, tiketi, bima | Hutegemea kituo |
| VSO | Miezi kadhaa hadi miaka miwili | Wewe mwenyewe | Posho ya kiwango cha eneo, malazi, tiketi, bima | Mara chache |
| Umoja wa Afrika | Miezi 12 | Wewe mwenyewe, hadi miaka 35 | Posho, tiketi, bima | Hapana |
| Norec | Kulingana na mradi | Mwajiri wako | Gharama hubebwa na mradi | Kwa kawaida hapana |
| Madaktari Wasio na Mipaka | Miezi 6 hadi 12 kwa wengi | Wewe mwenyewe | Mshahara | Hapana, safari za mwanzo |

UNV

Ndiyo njia pana kuliko zote, kwa hiyo tutakaa hapa zaidi. Ilianzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1970 na makao yake yako Bonn, Ujerumani. Haina miradi yake mikubwa. Inapeleka watu kwenye mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa kama UNICEF, UNHCR, WFP, UNDP na misheni za kulinda amani. Maana yake ni kwamba bosi wako wa kila siku atakuwa wa shirika mwenyeji, na ubora wa mwaka wako utategemea sana idara uliyopangiwa.

Mtu wa miaka 27 na kuendelea mwenye uzoefu wa miaka 3 au zaidi anaomba kama mtaalamu. Kuna ngazi ya juu ya wabobezi, kuanzia miaka 35, inayodai uzoefu wa miaka 15. Mwenye miaka 36 na uzoefu wa miaka 11 bado yuko ngazi ya kwanza, asijipandishe, mfumo utamchuja.

Kuna nafasi za kimataifa, ambazo unazifanya nje ya nchi yako, na za kitaifa, ambazo unazifanya ndani. Watu huzidharau za kitaifa. Kwa mtu asiye na hakika, nafasi ya kitaifa ya mwaka mmoja Kigoma au Kakuma inampa ladha ya kazi yenyewe, lugha ya mashirika hayo na watu wa kumdhamini kwenye maombi yajayo, bila kuhamisha watoto shule.

Posho ya kujikimu ya nafasi za kimataifa hukokotolewa kwa kiwango cha msingi kinachorekebishwa kulingana na gharama za maisha za kituo. Ndiyo maana wataalamu wawili wa ngazi moja, mmoja Geneva na mwingine Lilongwe, hawapokei sawa. Juu yake kuna fedha za kuanzia makazi, fedha za kumalizia zinazohesabiwa kwa miezi uliyotumikia, bima ya afya na ya maisha, na likizo ya siku 2.5 kwa kila mwezi. Vituo vigumu vina nyongeza na ratiba ya mapumziko nje ya kituo. Kisichokuwepo ni pensheni: huingii kwenye mfuko wa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Usiilinganishe posho hiyo na mshahara wako wa sasa shilingi kwa shilingi. Toa kwanza michango ya mfuko utakayojilipia, kodi ya nyumba ya huko, na chakula cha mtu asiye na shamba wala shangazi wa kumtumia mchele.

Familia hutazamwa kwa kituo. Kituo cha familia kinakuruhusu kwenda na mwenzi na watoto, na wategemezi waliosajiliwa wanaingia kwenye bima. Kituo kisicho cha familia, kama ilivyo kwa vingi vya Sudan Kusini au Jamhuri ya Afrika ya Kati, ni wewe peke yako. Tangazo la kazi linasema ni kipi. Lisome kabla ya kuzungumza na mwenzako nyumbani, maana jibu la "tutaona" ndilo linalovunja watu mwezi wa tatu.

Maombi hufanyika kwenye jukwaa lao la mtandaoni, bila malipo. Jaza wasifu wote kabla ya kuomba hata nafasi moja, kwa sababu mchujo wa kwanza unatazama miaka ya uzoefu, elimu na lugha kama ulivyojaza. Kosa kubwa ni kuandika "Mhasibu, 2014 hadi sasa" na kuishia hapo. Andika bajeti uliyosimamia ilikuwa ya kiasi gani, mfumo gani wa hesabu uliotumia, kaguzi ngapi ulizopitia na hoja ngapi zilifungwa, uliongoza watu wangapi. Muuguzi aandike vitanda vya wodi, aina ya wagonjwa, zamu. Mwalimu aandike madarasa, idadi ya wanafunzi na mafunzo aliyowapa walimu wenzake.

Usaili hujikita kwenye matukio halisi: tueleze mara moja uliyogombana na mwenzako kazini, au uliyolazimika kumaliza kazi kwa muda mfupi mno. Jibu kwa mpangilio wa hali ilivyokuwa, ulichotakiwa kufanya, ulichofanya wewe binafsi, na kilichotokea. Watu wetu huponzwa na adabu. Husema "tulifanya" mwanzo hadi mwisho, na msaili anabaki hajui mchango wa aliye mbele yake. Hapo useme "nilifanya" bila haya.

Lugha huamua mengi kuliko shahada ya pili. Mwenye Kiingereza na Kifaransa cha kazi anafunguliwa nafasi nyingi za Afrika Magharibi na Kati. Kiswahili kina uzito mashariki ya Kongo, ambako kuzungumza na wananchi bila mkalimani ni faida halisi. Usijipandishie kiwango: usaili unaweza kugeuzwa kuwa wa Kifaransa katikati ya sentensi.

Tahadhari ya njia hii ni kuamini neno "unaweza kuongezwa". Misheni ya Mali, MINUSMA, ilifungwa Desemba 2023 baada ya serikali ya huko kuitaka iondoke. Goma, mashariki ya Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, watumishi wengi wa mashirika waliondolewa haraka. Panga fedha zako kwa mkataba ulioandikwa, usipange kwa ule unaoutarajia.

VSO

VSO ilianza Uingereza mwaka 1958 ikipeleka vijana waliotoka shule. Siku hizi inatafuta wenye taaluma, wakiwemo Waafrika wanaokwenda nchi nyingine za Afrika na Asia, na inawachanganya na watu wa kujitolea wa nchi husika na wa jamii yenyewe. Maeneo yake makubwa ni elimu, afya na riziki za kaya.

Tofauti na UNV iko kwenye kazi yenyewe. Mtaalamu wa VSO hukaa ndani ya halmashauri, chuo cha ualimu au wizara, na kazi yake ni kuwaachia wenyeji ujuzi. Mwalimu wa hesabu hatafundisha darasa. Atakaa na wakufunzi na waratibu wa elimu kata, atatazama vipindi, ataandaa nao zana. Aliyezoea kushika kazi kwa mikono yake anaweza kuona miezi mitatu ya kwanza ni mikutano mitupu. Ndivyo kazi ya namna hiyo ilivyo, na matokeo yake huonekana mwishoni.

Posho inalenga uishi kama mwenzako wa kazi wa eneo hilo, na nyumba, tiketi, viza na bima hulipwa. Kutuma fedha nyumbani kutoka kwenye posho hiyo ni vigumu. Kwa hiyo VSO inamfaa asiye na mkopo, au mwenye mwenzi anayebeba nyumba, au mwenye nyumba ya kupangisha. Uchunguzi wa mwenendo wako ni mkali kwa sababu ya ulinzi wa watoto na watu wazima walio hatarini. Wadhamini wataulizwa maswali ya moja kwa moja, na pengo la mwaka mmoja kwenye wasifu wako litahitaji maelezo.

Umoja wa Afrika

Kikosi hiki kilianzishwa mwaka 2010. Unakwenda nchi nyingine ya Afrika au kwenye ofisi za Umoja kwa miezi 12, unapewa posho, tiketi na bima. Kwa mwenye miaka 33 au 34 hili ni suala la kalenda: mzunguko wa maombi ukikupita mara mbili, umri umekwisha au uko ukingoni. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika Februari 2022, jambo la fahari kwetu sote, lakini ofisini bado Kiingereza na Kifaransa ndivyo vinavyoandikia nyaraka.

Inamfaa mtu anayetaka kuhama sekta, kwa mfano kutoka benki kwenda sera au diplomasia. Kwa muuguzi au fundi aliyekwisha kujenga jina kwenye taaluma yake, faida ni ndogo kuliko UNV.

Norec

Hii ndiyo njia ambayo wengi hawaijui, na kwa mwenye ajira anayoipenda tunaiweka ya kwanza. Norec ni wakala wa serikali ya Norway, zamani ukiitwa Fredskorpset, na ofisi zake ziko Førde. Hupeleki maombi yako huko. Taasisi yako ndiyo inayoingia ubia na taasisi ya nchi nyingine, Norway au nchi ya Kusini, kisha zinabadilishana wafanyakazi, nao wanapitia mafunzo ya maandalizi kabla ya kwenda. Hospitali ya Mnazi Mmoja ya Zanzibar na Hospitali ya Chuo Kikuu ya Haukeland iliyoko Bergen ni mfano wa ubia wa namna hiyo: wauguzi na madaktari wamekwenda pande zote mbili.

Uzuri wake ni kwamba unaondoka ukiwa bado mfanyakazi, na kurudi ni sehemu ya mpango, kwa kuwa taasisi inakutegemea ulete ulichojifunza. Ugumu ni kwamba kama mwajiri wako hana ubia, kuuanzisha ni kazi ya muda mrefu ya kuandika mradi na kupata kibali. Kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya utumishi kama upo ubia wa aina hii au umewahi kuwepo. Mara nyingine upo na nafasi zinajazwa na idara moja tu kwa sababu idara nyingine hazijauliza.

Madaktari Wasio na Mipaka

Lilianzishwa Paris mwaka 1971 na lilipewa Nobel ya Amani mwaka 1999. Linalipa mshahara, na linataka angalau miaka 2 ya uzoefu baada ya kuhitimu. Halichukui wahudumu wa afya peke yao: linatafuta pia wahasibu, maafisa utumishi, mafundi wa maji na umeme, na wasimamizi wa ugavi. Ofisi yake ya Afrika Mashariki iko Nairobi. Safari ya kwanza kwa wengi ni ya miezi 6 hadi 12. Madaktari wa upasuaji na wa usingizi huenda kwa wiki chache, kwa kuwa kazi yao haina usingizi na hospitali zao hazitawaachia mwaka.

Kazi ni ya dharura: vita, kipindupindu, utapiamlo, wakimbizi. Wodi ya vitanda 40 yenye wagonjwa 90 si tukio la ajabu huko. Mwenye mtoto wa miaka miwili asidanganywe na mshahara, kwani safari za mwanzo haziruhusu familia, na simu ya video haishiki mahali pengi.

Wale wenye uraia wa Marekani

Msomaji aliyeko ughaibuni mwenye uraia wa Marekani ana mlango mmoja zaidi, Peace Corps, kikosi cha kujitolea cha serikali ya Marekani, ambao hauna kikomo cha juu cha umri. Huduma ni miezi 27, mitatu ya mwanzo ikiwa mafunzo, na mwishoni hutolewa zaidi ya dola 10,000 za kuanzia maisha upya kabla ya kodi. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wao, mwaka 1961.

Ambazo hatuzipendekezi

Kampuni zinazokutoza maelfu ya dola ili "ujitolee" wiki tatu kwenye kituo cha yatima ziache. Watoto wengi katika vituo vya namna hiyo duniani wana mzazi aliye hai, na fedha za wageni huwa sababu ya kuwaweka pale. Na yeyote anayedai ada ya usajili, ya viza au ya mafunzo kwa jina la Umoja wa Mataifa ni tapeli. Umoja wa Mataifa hautozi fedha katika hatua yoyote ya kuajiri wala kupokea watu wa kujitolea.

Karatasi zinazochelewesha

Miezi sita kabla, tazama pasipoti: nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita ya uhai siku unayoingia, na mkataba wa mwaka unataka zaidi ya hapo. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu, ambacho Wakenya hukiita cheti cha mwenendo mwema, kinahitaji alama za vidole. Kichukue ukiwa nyumbani, maana kukiomba ukiwa Juba ni taabu. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha yote. Ukiambiwa ofisini au uwanjani kwamba imeisha kwa sababu imepita miaka 10, onyesha kanuni hiyo kwa upole.

Wenye leseni za taaluma wasikilize vizuri. Muuguzi, daktari, mfamasia au mhandisi anayeacha leseni yake ife akiwa nje hurudi na uzoefu mkubwa asioweza kuutumia mpaka alipe malimbikizo na pengine akusanye upya pointi za mafunzo endelevu. Lipa ada ya mwaka mapema, na chukua barua ya baraza lako inayothibitisha hadhi yako. Nchi utakayokwenda itaitaka kabla ya kukuruhusu kumgusa mgonjwa.

Bima ya afya ya familia inayobaki ni pengo jingine. Kadi za watoto zilizotokana na ajira yako hukoma michango inapokoma, wakati bima ya kujitolea inakulinda wewe, na wategemezi pale tu mkataba unaposema hivyo. Kenya, kaya isiyo na ajira rasmi huchangia SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, kwa makadirio ya kipato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Badilisha usajili kabla ya kuondoka, si mtoto akiwa amelazwa.

Nani achukue ipi

Una mkopo wa miaka minne na ajira ya kudumu serikalini: tafuta Norec, na ikikosekana omba likizo bila malipo kisha UNV. Usiguse VSO mpaka deni liishe. Una miaka 32, huna mtoto, umechoka na benki na unataka sekta nyingine: Umoja wa Afrika na UNV kwa pamoja, omba zote mbili mwaka huu. Wewe ni mwalimu mzoefu, mwenzi wako ana kipato, na unataka kazi inayogusa shule zenyewe: VSO. Ni muuguzi wa wodi ya dharura mwenye afya njema na moyo usioyumba: Madaktari Wasio na Mipaka, lakini ongeza Kifaransa kwanza, hata miezi sita ya jioni. Mwenzi wako hajakubali: nafasi ya kitaifa ya UNV, au subiri.

Fikiria pia soko utakalorudia. Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, maelfu ya wafanyakazi wa mashirika katika nchi zetu walipoteza ajira, na wengi wao wana wasifu uleule utakaorudi nao wewe. Uzoefu wa UNV huhesabiwa kama uzoefu wa kazi katika maombi ya Umoja wa Mataifa, lakini utasimama foleni moja na watu wenye miaka 12 kwenye miradi. Wanaorudi kwenye taaluma yao ya awali hupata kazi kwa urahisi kuliko wanaotaka kubaki kwenye mashirika kwa gharama yoyote.

Miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, mwandikie mwajiri wako barua ya kurejea yenye tarehe, hata kama umedokezwa kwamba utaongezewa muda. Omba barua ya utumishi kutoka kwa msimamizi wako wa huko kabla hajahama kituo, yenye cheo, tarehe na kazi ulizofanya, na mhuri.